Tovuti yetu: tuanze na daftari, si na rangi



Tuliahidi kuendelea na habari ya uji wa soya kwa watoto wanaoachishwa ziwa. Uji utangoja juma moja. Siku ya posho inayokuja kamati itaamua namna ya kutumia dola 700 zilizotengwa kwa kufanya upya tovuti ya chama, ile vijana wanayoiita siti, na sisi tunaona wamama wengi hawajaelezwa vizuri ni jambo gani wanaloenda kupigia kura.

Feza hizo munajua zimetoka wapi. Sehemu kubwa ni michango ya vikundi vya kuweka na kukopa: mama anayeuza sambaza Kadutu, mama wa mikate kule Bagira, mama anayeamka saa kumi na moja kwa kushona sare za wanafunzi. Mafundi wawili wamekwisha kuleta bei. Wa kwanza anataka dola 650, naye ametuonyesha picha zinazotembea zenyewe na maua yanayofunguka ukigusa kioo. Wa pili anataka 400. Huyo hakuonyesha kitu, aliuliza tu: "Tovuti ni kwa ajili ya nani, na akifika afanye nini?" Watu walicheka, wakadhani hajajitayarisha. Kwetu sisi swali lile lilizidi maua yote.

Wale kati yetu waliopita ISP wanakumbuka fishi ya somo. Kabla hujasimama mbele ya watoto, kabla ya kitabu na ubao, unaandika juu kabisa lengo: mwisho wa somo mwanafunzi ataweza kufanya nini. Hawakutuuliza mwalimu atasema nini. Fishi iliyoanza na "nitaeleza" ilirudi imekatwa kwa biki nyekundu, na hakuna aliyekuhurumia. Sasa fungueni tovuti yetu ya leo muisome kama fishi. Juu kuna picha kubwa ya ziwa. Chini yake hotuba ndefu ya Kifaransa ya kiongozi aliyekwisha kumaliza muda wake. Kisha majina ya miradi kwa herufi kubwa ambazo hata waliofanya kazi katika miradi hiyo hawakumbuki maana yake. Ofisi iko wapi? Haikuandikwa. Namba ya telefoni ipo, na juma lililopita tuliipiga: alipokea bwana mmoja anayeuza saruji, mwenye heshima sana, ambaye alituambia kwamba wanawake wanampigia kila mara na yeye hajui awaambie nini.

Hapo ndipo tuliacha kucheka. Wanawake wanampigia kila mara. Ni akina nani? Walikuwa wanatafuta nini siku ile?

Tovuti hii ilitengenezwa zamani na mshirika mmoja katika mradi wa miaka miwili. Mradi ulipoisha, mshirika akaenda, tovuti ikabaki. Iliandikwa kwa macho ya watoa feza walio mbali, na kwa ajili hiyo ilifanya kazi yake. Hatusemi watoa feza wasahauliwe. Mtu anayetaka kusaidia chama kama chetu anaangalia kwanza kama kweli tupo: karatasi za chama kufuatana na Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya mashirika yasiyo ya faida, kamati ina nani, ripoti ya mwaka, hesabu. Ukurasa mmoja safi wa Kifaransa unamtosha. Lakini nyumba nzima haijengwi kwa ajili ya mgeni anayekuja mara moja kwa mwaka.

Basi, kabla ya fundi, daftari. Tumemwomba mama anayepokea watu mlangoni pa ofisi aandike kila swali linaloletwa, kwa maneno yaleyale ya muulizaji na bila jina lake. Amefanya hivyo kwa siku 12. Tumeisoma daftari ile, na tungependa kamati yote iisome. Kisomo cha wamama kinaanza lini, na je, mtu wa miaka 50 anakubaliwa? Kikundi chetu kiko watu 20, tunaingiaje? Mashine za kushona bado zipo? Mtoto wangu hana karatasi ya kuzaliwa na masomo yanaidai, nifanye nini? Na swali moja, limeandikwa kwa mwandiko uliotetemeka kidogo: nani anaweza kunisikiliza leo? Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza "maono na dhamira" ya chama, ingawa kwenye tovuti ukurasa huo ndio mrefu kuliko yote.

Angalieni swali la karatasi ya kuzaliwa. Sheria inatoa siku 90 tangu mtoto azaliwe kwa kumwandikisha. Mama akijua hilo siku ya kumi, anakwenda ofisi ya serikali na karatasi ya lopitali mkononi. Akilijua mwaka wa sita, wakati mtoto anaingia masomo, njia inakuwa ndefu na ya gharama. Ukurasa mmoja wenye mistari kumi ya Kiswahili chepesi, unaosema siku 90, unaosema ubebe nini na uende wapi, una faida kuliko hotuba yote ile. Hiyo ndiyo tunaita lengo: mama amesoma, anafunga telefoni, anajua aende wapi kesho asubuhi.

Maswali ya daftari yakipatikana, tuyaandike kwenye vikaratasi, swali moja kwa kikaratasi, tuvimwage mezani mbele ya wamama wanane au kumi wasiokuwa wa kamati. Waambiwe: pangeni yanayokwenda pamoja, kisha mupe kila fungu jina. Musiwasaidie. Sisi walimu tuna ugonjwa wa kusaidia haraka. Majina watakayotoa ndiyo yatakuwa vichwa vya kurasa zetu, hata kama hayapendezi masikioni mwa watu wa ofisi. Mama akisema "Mambo ya feza za kikundi", iandikwe hivyohivyo, isigeuzwe kuwa "Uwezeshaji wa kiuchumi". Kazi hiyo ni ya saa mbili na gharama yake ni makaratasi na chai.

Vilevile kurasa za zamani zihesabiwe. Tumezihesabu: ziko 46. Kila moja ipewe hukumu yake: ibaki, isahihishwe au iondoke. Tunadhani zitakazobaki hazitapita kumi na mbili.

Sasa uzito, kwa sababu watu hawapendi kuongea juu yake na ndio unaomaliza mega za watu. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye telefoni nzuri inaweza kuwa na mega 4. Ukurasa wa kwanza wenye picha kumi za namna hiyo unakula mega 40 kabla mama hajasoma neno. Picha zilezile, fundi akizipunguza ukubwa kabla ya kuzipandisha, kila moja inaweza kushuka chini ya sehemu ya tano ya mega moja, na kwenye kioo kidogo hakuna jicho litakaloona tofauti. Kwa hiyo liandikwe katika mkataba: ukurasa wowote usipite mega 1. Maua yanayofunguka yatagoma hapo yenyewe, bila sisi kumkosea mtu heshima.

Na rangi, kwa kuwa tumezitaja. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe yanapendeza ofisini. Yapelekeni sokoni saa saba mchana, jua likipiga kioo, muone kama yanasomeka. Shirika la W3C, linaloweka kanuni za intaneti duniani, linadai tofauti ya mwanga kati ya herufi za kawaida na nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1, na kuna programu za bure zinazopima. Fundi apime mbele yetu.

Kwa wamama wasiosoma, tunaomba kila ukurasa muhimu uwe na sauti. Mmoja wetu asome kwa Kiswahili, mwingine kwa Mashi, dakika moja tu. Sauti ya dakika moja iliyobanwa vizuri haifiki nusu ya mega, na mtoto wa jirani anaweza kuituma kwa WhatsApp kwa nyanya yake kijijini.

Tumefika kwenye picha, na hapa tunaomba mutulie.

Kwenye tovuti yetu, mpaka juma tatu zilizopita, kulikuwa na picha ya binti mmoja amekaa kwenye mashine ya kushona. Alikuwa na miaka 13. Chini ya picha mshirika aliandika jina lake la kwanza, mtaa wake, na jambo baya lililompata. Labda waliandika kwa nia njema, watu wa mbali waguswe. Binti yule leo ni mwanafunzi mkubwa. Mwenzake wa darasa aliandika jina la chama kwenye telefoni, akaiona picha, akaionyesha wengine. Mama yake alisimama katika mkutano wetu wa mwezi. Hakupiga kelele. Aliuliza: "Nani alisema ndiyo?" Walitafuta karatasi ya ruhusa katika masanduku yote ya mradi ule. Haikuonekana.

Picha imeondolewa. Lakini wamama mujue kwamba kuondoa hakumalizi. Huko San Francisco kuna shirika lisilo la faida linaloitwa Internet Archive, lililoanzishwa mwaka 1996, ambalo linahifadhi nakala za kurasa za dunia nzima, na tangu 2001 kila mtu anaweza kuzifungua. Kazi yao ni nzuri, hata sisi tumeitumia kupata ripoti zetu zilizopotea. Lakini ukurasa wenye jina la binti unaweza kuwa kule pia. Wanapokea maombi ya kuondoa, na kamati imekwisha kuandika barua. Picha zilizobaki ndani ya telefoni za watu hakuna barua inayozifikia.

Kwa hiyo kwa tovuti mpya sisi tunapendekeza kanuni kali. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, ndivyo inavyosema sheria yetu ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009. Hakuna uso wa mtoto pamoja na jina. Hakuna uso wala jina la mtu yeyote pamoja na habari ya mateso yake, hata akikubali leo, kwa sababu leo ana uchungu na miaka kumi ijayo atakuwa na maisha mengine. Picha za furaha, za mavuno, za kugawana feza mwisho wa mwaka, ruhusa iandikwe au isemwe mbele ya shahidi, na mtu aonyeshwe mahali itakapowekwa, kwenye telefoni, kwa macho yake. Akibadilisha mawazo, iondoke siku hiyo. Tangu Kodi ya nyumeriki ya tarehe 13 Machi 2023, habari za mtu binafsi zina ulinzi katika sheria ya nchi. Wengine watasema bila nyuso za huzuni watoa feza hawatatoa. Mikono inayoshona inapigwa picha vizuri sana. Daftari ya hesabu nayo pia.

Ukurasa wa yule aliyeuliza nani anaweza kumsikiliza leo nao una mambo yake. Wanawake wengi wanatumia telefoni moja na bwana. Ukurasa huo usidai jina, usiwe na fomu ya kujaza, uwe na namba na saa za kupiga. Mahali ambapo wanawake wanapokewa usiku pasitajwe. Tovuti nyingi za msaada zinaweka kibonye cha kutoka haraka, ukikigusa inafunguka habari ya hali ya hewa. Ni kizuri, lakini hakifuti alama za kurasa zilizotazamwa, na mama aambiwe hivyo waziwazi palepale, aonyeshwe na namna ya kuzifuta.

Jambo la ufunguo tutalipitia haraka, ingawa ndilo linaloweza kutupotezea kila kitu. Jina la tovuti halinunuliwi milele, linakodiwa kwa mwaka. Jina linaloishia na .org linagharimu kama dola 10 hadi 20 kwa mwaka. Lisipolipwa, baada ya majuma kadhaa mtu mwingine yeyote anaweza kulichukua na kuweka humo anachotaka. La kwetu limeandikishwa kwa barua pepe ya kijana aliyelitengeneza wakati wa mradi, naye sasa anaishi Kampala. Ni kijana mzuri, anajibu. Lakini kijana anaweza kubadili namba, anaweza kuugua. Jina liandikishwe kwa chama, kwa barua pepe ya chama, na neno la siri liwekwe katika bahasha pamoja na muhuri, kwa mweka hazina, na nakala kwa mtu wa pili. Anwani si kitu cha kudumu chenyewe: nchi yetu ilipoitwa Zaire ilikuwa na .zr, baada ya mwaka 1997 tukahamia .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Hata .yule .org mwenyewe nusura auzwe: mwisho wa mwaka 2019 ilitangazwa kwamba shirika linalosimamia majina hayo litauzwa kwa kampuni ya biashara kwa dola zaidi ya bilioni 1. Mashirika ya nchi nyingi yalipinga, na tarehe 30 Aprili 2020 ICANN, wasimamizi wa majina ya intaneti, wakakataa.

Kuna wanaotaka tovuti ya zamani izimwe siku moja na mpya iwashwe asubuhi yake, na ngoma. Sisi hapana. Wikipedia munaifahamu, watoto wanainakili kila siku kwa kazi za nyumbani. Inaendeshwa na shirika lisilo la faida, Wikimedia. Walipotaka kubadilisha sura yake walianza na lugha chache zilizokubali, Kifaransa kikiwa kati ya za kwanza, mwaka 2020. Walirekebisha kipande kwa kipande: mahali pa kutafutia, orodha ya sehemu za makala, kibonye cha lugha kilichopandishwa juu. Kiingereza kilifikiwa Januari 2023 tu. Na bado watu walilalamika, hasa juu ya nafasi nyeupe zilizoachwa kando. Wenye feza na wataalamu wengi walihitaji miaka. Sisi tutumie angalau miezi miwili, na anwani za zamani ambazo watu wamezihifadhi zipelekwe na fundi kwenye kurasa mpya, mtu asifike kwenye ukuta.

Kabla ya kufungua, tujaribu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu wanatosha kuonyesha sehemu kubwa ya makosa ya tovuti. Watano tunao. Wachukue telefoni zao wenyewe, waambiwe: tafuta siku ya kuanza kisomo. Sisi tunyamaze na kutazama kidole kinakwenda wapi. Kikikosea, kosa ni la ukurasa.

Feza, basi. Fundi wa dola 400 alipwe kwa sehemu tatu: kidogo akianza, kidogo baada ya jaribio la wale watano, na ya mwisho mwezi mmoja baada ya kukabidhi funguo zote. Kutunza jina na mahali pa kuhifadhi tovuti kunaweza kufika dola 100 kwa mwaka, kwa hiyo dola 200 zitengwe mara moja kwa miaka miwili zisiguswe. Zinabaki 100 kwa mega za yule atakayeandika. Na huyo atakayeandika ndiye kamati haijamtaja hata kidogo. Tovuti ile ilikufa kwa kukosa mtu wa kubadilisha namba ya telefoni, na kazi hiyo inachukua dakika tano. Tunapendekeza mabinti wawili waliomaliza humanité, wafundishwe na fundi kama sehemu ya mkataba, kila siku ya nne alasiri waketi ofisini na daftari ya mlango, wasome maswali mapya, wasahihishe.

Mkutano ni siku ya posho, saa nane kamili, katika ukumbi wa kawaida. Mulete telefoni zenu zikiwa na moto. Atakayeshindwa kuja ampe jirani swali lake kwenye kikaratasi, bila jina. Na kuanzia leo, bwana wa saruji tumempa namba ya kweli ya ofisi. Amesema ataibandika dukani.